Bunduki ya Baba Iliyokaa kwa Fundi Miaka Thelathini

Nyinyi jamaa wa kahawa ya Ijumaa hamna huruma. Mtu katoka safari, mgongo unamuuma, gari linanuka mbuzi, nanyi mnamtumia ujumbe kutwa kucha: ilikuwaje, ilikuwaje. Haya, kaeni vizuri. Ntakusimulieni mara moja tu, na atakayeniuliza tena ntampeleka kwa shemegi yangu Hilal, ndugu wa mke wangu, ambaye naye ana simulizi yake, na humo yeye ndiye aliyeokoa kila kitu. Mambo ya vibali vya bunduki nayaruka. Vipo, vina mihuri, na kuvipata ni safari nyengine isiyokuwa na cha kutazama njiani.

Al Amerat, kabla ya kutoka

Wengi wenu mnamjua Baba, na mmeshamsikia akiniuliza. Kila Ijumaa baada ya sala, kikombe cha kahawa mkononi, hugeuka kwangu mbele ya watu akasema, "Nassor, yule fundi kamaliza?" Nami humjibu kuwa fundi anangojea kifaa. Nyinyi mkidhani ni fundi wa gari. Hakuna gari. Fundi yule ni wa bunduki, na hakuwahi kuzaliwa.

Bunduki yenyewe ni ya upepo, ya kulengea shabaha. Haina baruti. Ndani mna springi nene na pistoni. Unavuta mkono wa chuma ubavuni, springi inajikunja, ukifyatua pistoni inasukuma upepo na upepo unaisukuma risasi ndogo ya bati kama punje ya mbaazi. Baba aliipata hapa hapa Oman, Bandari ya Sultan Qaboos, alipokuwa karani pale Mutrah zama za meli za mizigo, kwa fundi mashine wa meli ya Kijerumani aliyekuwa anastaafu. Uzuri wake, ukifyatua, chuma chote cha juu huteleza nyuma kidogo juu ya reli zake, bega lako halihisi kitu. Baba akisema ni bunduki yenye adabu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na moja na akili ya kuku, Baba akiwa safarini Unguja kwa matanga, niliibadilisha kwa pikipiki. Niliyebadilishana naye alikuwa Mwalimu Said, anahamishiwa skuli ya Masirah, akataka kitu cha kumliwaza kisiwani. Pikipiki ilikufa baada ya miezi minne. Baba aliporudi na kuuliza, nikasema iko kwa fundi. Neno lilinitoka lenyewe, na tangu hapo nimelilisha na kulivisha mpaka limekuwa na umri wa mtu mwenye watoto.

Ningeendelea hivyo hivyo, wallahi, lau si macho. Baba ana presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, na la kulia daktari kasema halirudi nyuma, linafunga taratibu, miezi, labda wiki. Tulitoka hospitali na Baba mpaka kwenye gari. Hapo akasema, "Mwambie fundi wako afanye haraka. Nataka niitazame shabaha mara moja kabla jicho halijazima." Alisema bila ya huzuni, kama mtu anayekumbusha kununua mkate. Mimi ndiye niliyeshindwa kutia ufunguo.

Basi nikaagiza Ujerumani mpira mpya wa pistoni, kwa kuwa mipira ya asili ya bunduki hizi huoza yenyewe hata zikikaa kabatini, ikawa unga unga kama biskuti iliyosagika. Mpira ulipofika nikautia kwenye droo ya soksi. Nikapata namba ya simu ya nyumba ya Mwalimu Said. Mwenyewe kafariki zamani, Mungu amrehemu, lakini mjane wake yupo, Bi Thuwaiba, mtu wa Pemba, anakaa huko huko Masirah na mwanawe Yahya. Nikampigia Yahya, tukaulizana khabari za wazima, wagonjwa, mvua na samaki, nikamwambia nna haja ya kuwatembelea. Haja gani, sikusema. Nyinyi wenyewe mtu angekutajieni shida yake kwenye simu, mngesema kakosa malezi.

Al Amerat hadi Sinaw

Tuliondoka Alkhamisi asubuhi. Hilal alijitolea kuniongoza kwa sababu mbili: anaijua njia, na anazijua bunduki. Bunduki anazijua kwa video za kwenye simu. Njia anaijua kwa namna yake mwenyewe. Yeye hajapotea hata siku moja maishani, njia ndiyo humpotea yeye. Siku hiyo njia ya Mudhaibi ilimpotea akiwa katikati ya kunieleza tofauti ya springi ya Kijerumani na ya Kiingereza, tukaja kuchomoza Bidiya, michanga kulia na kushoto. Nikamwambia. Akasema alitaka nione michanga.

Tulipofika Sinaw jua limeshapanda na soko la wanyama linakaribia kuvunjika. Mimi nilitaka chai na chapati nipite. Hilal akasimama katikati ya soko akaniuliza kama kweli nnataka kuingia nyumba ya watu, mjane, mara ya kwanza, mikono mitupu. Nikamwonesha kopo la halwa na kichupa cha udi. Akanitazama kwa masikitiko, kama nimemwonesha kandambili.

Mlango wa gari ulipofungwa tena, nyuma mlikuwa na mbuzi. Beberu, ndevu ndefu, jicho la kudharau. Hilal alimtandikia gazeti. Mbuzi alikula gazeti.

Sinaw hadi Shannah

Toka Sinaw kwenda Mahout barabara ni nyoofu na hakuna kitu. Hakuna cha kusimulia, isipokuwa harufu. Tulifungua vioo, upepo ukaleta mchanga. Tukafunga, tukabaki na beberu. Hilal akasema mbuzi wa Sinaw hawanuki, ni sisi hatujazoea.

Mahout tulikula wali na nguru wa kukaanga kwa Mbangali mmoja, wali wenyewe mzuri, na pilipili iliyonifanya nilie mbele ya watu. Baba akapiga simu nikiwa hivyo hivyo, machozi yananitoka. Akaniuliza nipo wapi. Nikasema nimekwenda kumwona fundi, kaondoka mjini, kahamia mbali. Akaniambia leo asubuhi kashindwa kusoma tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Halafu akanitakia safari njema. Nikautoa ule wali kwa paka.

Shannah ndiko kwenye pantoni ya kuvukia Masirah. Tulikuta foleni ya malori ya barafu na upepo umechafua maji, na kila tuliyemuuliza itaondoka saa ngapi alitujibu inshallah, ambayo kila mmoja aliitamka kwa urefu wake. Dereva wa lori la barafu, mzee wa Masirah, alimtazama beberu wetu, akatazama kanzu zetu nyeupe za dishdasha na kopo la halwa juu ya dashibodi, akatabasamu akasema Mungu awape kheri. Nikamshukuru. Sikufikiri zaidi.

Tulivuka mwisho wa alasiri. Hilal, aliyekuwa ameshanieleza namna manahodha wanavyokosea, alivuka akiwa amefumba macho na kukumbatia shingo ya mbuzi.

Masirah, siku ya Ijumaa

Tulilala kwenye nyumba ya wageni na asubuhi tukaenda. Yahya alitupokea vizuri, mtu mpole, anafanya kazi ya serikali. Akamchukua beberu. Sebuleni tukakuta wanaume sita, majirani na ami zake, wamevaa vilemba vya sikukuu. Kahawa ikaja, tende zikaja, halwa yetu ikafunguliwa. Tukaulizana khabari. Nikatafuta pahala pa kuiingiza khabari ya bunduki, sikupata, kwa sababu mwenye nyumba hamuulizi mgeni kilichomleta, na mgeni hasemi mpaka ale.

Hapo ndipo nilipousikia mlio wa yule beberu uani, mlio wa mwisho. Nikajua tumekwisha. Zawadi tuliyoileta wenyewe ilikuwa inachinjwa kwa heshima yetu, na mbuzi mzima haivi kwa saa moja. Pantoni ya mchana tukaiaga tukiwa tumekaa kitako. Nikamtazama Hilal. Akawa anatazama dari.

Tukaenda kuswali, tukarudi, tukala. Nyama, wali, mchuzi wa papa kwa nazi wa Kipemba khasa, nikasahau dhiki zangu kwa muda wa sahani mbili. Wakati wote wazee wananiuliza maswali ya ajabu. Nina watoto wangapi wa kiume. Mkubwa anafanya kazi gani. Anaswali. Mimi nikajibu kwa furaha, nikamsifu kijana wangu wa Sohar mpaka nikajishangaa. Mikono ilipooshwa, Yahya akakohoa, akavuta mto, akasema kwa upole kuwa wamefurahi na wanatuheshimu, lakini binti yake bado anasoma.

Nami, nikiwa na haraka ya siku mbili kifuani, nikamjibu: "Mimi nimekuja kwa ajili ya bunduki."

Hebu pimeni wenyewe. Mtu anadhani umeleta posa, anakwambia binti yake bado anasoma, na wewe unamtajia bunduki. Ami mmoja aliweka kikombe chini. Hilal akaanza kueleza springi, jambo ambalo halikusaidia hata chembe.

Aliyetuokoa ni Bi Thuwaiba. Kicheko kilitoka nyuma ya pazia, kikaendelea, kisha akaingia mwenyewe, kibibi kifupi cha miwani, kanga mbili, akakaa mbele yangu akanitazama. Akaniuliza kwa Kipemba chake kama mimi ndiye yule wa pikipiki. Nikasema ndiye. Nikaanza hotuba niliyoiandaa toka Sinaw, kwamba niko tayari kuinunua kwa bei yoyote atakayoitaja, na asione haya.

"Haiuzwi," akasema. "Ni amana ya babako."

Akanihadithia, na alikuwa hana haraka. Mwalimu Said alikuja kujua, mwaka ule ule, kuwa bunduki haikuwa yangu. Alipanda gari akaja mpaka Muscat kwa Baba, akaiweka juu ya meza, akamwomba radhi. Baba akamnywesha kahawa, akamwambia airudishe Masirah akaitunze. Akamwambia mwenye kuitoa ndiye atakayekuja kuichukua, siku akishachoka kusema uongo. Kila Idi Mwalimu akimpigia Baba simu kumpa khabari ya bunduki, na alipokufa Bi Thuwaiba akaendelea.

Nilikaa pale mbele ya watu sita na mifupa ya beberu nikaona aibu mpaka masikio yakaungua. Miaka thelathini mzee ananiuliza fundi kamaliza, na anajua. Kila Ijumaa, mbele yenu, anajua.

Bi Thuwaiba akaenda kuileta. Ilikuwa imefungwa ndani ya kanga, na kabla hajaifungua harufu ilishajaa chumba. Karafuu. Nikamuuliza anaitunza vipi. Akaniambia kwa fahari kuwa kila Ijumaa, toka mumewe alipokufa, huitia mafuta ya karafuu ya kwao Pemba, kijiko kizima, kupitia pale pa kutilia risasi, ayasikie yanavyoshuka. Jino likiuma hutiwa karafuu, goti likiuma hutiwa karafuu, na chuma nacho kina viungo. Kwa nje ilikuwa inang'ara, hakuna kutu hata doa, katika kisiwa ambacho chumvi inakula mpaka bawaba za milango. Kwa ndani, sikuthubutu kufikiri. Mafuta ya karafuu huyeyusha mpira. Na bunduki ya upepo haitiwi mafuta mbele ya pistoni. Upepo ukibanwa hupata moto, na mafuta yakawaka.

Sikumwambia. Nyinyi mngemwambia? Nilimbusu mkono. Akanipa kanga pamoja na bunduki, akasema, "Mfikishie babako. Lakini fundi wako muache huku huku."

Masirah hadi nyumbani

Upepo ulizuia pantoni Jumamosi nzima. Tulikaa garini Hilf, bandari ya kisiwani, kwenye foleni, tukala sambusa za jana na machungwa ya dereva yule yule wa lori la barafu, ambaye alinipa pole kwa kukataliwa posa. Nikapokea. Kueleza ilikuwa kazi kubwa zaidi. Baba alipiga simu mchana. Nilitaka kumwambia kila kitu pale pale, Hilal akiwa anakoroma, lakini nikaona maneno haya si ya simu. Akaniuliza fundi kamaliza. Nikasema, "Nakuja, Baba." Ilikuwa mara ya kwanza nisimtaje fundi.

Tulivuka Jumapili asubuhi, na Hilal akaijua njia mpaka nyumbani kwa kuwa niliendesha mimi na yeye amelala. Gari lote karafuu na beberu. Mke wangu alitufungulia mlango, akavuta pumzi, akauliza kama tumefungua mkahawa.

Al Amerat, uani

Kuifungua bunduki ya namna hii si mchezo. Springi iliyo ndani imebanwa, na ukiilegeza skrubu ya nyuma bila ya kuishikilia, inatoka na kukutafuta uso. Nikaibana kwenye jiliwa la seremala, nikamwambia Hilal akae kando. Akaniambia kwenye video haifanywi hivyo. Springi ikatoka polepole, mzunguko baada ya mzunguko, kama nilivyotaka. Mpira wa zamani ulikuwa umegeuka halwa kabisa, kahawia, unavutika. Nikaukwangua kwa kijiti, nikapangusa mrija kwa vitambaa vya fulana zangu nzee mpaka vikatoka vyeupe, nikapaka grisi kidogo kwenye springi, mbele ya pistoni nisitie kitu. Mpira wa droo ya soksi ukaingia kama umezaliwa humo. Siku mbili zilikwenda kwa kazi hiyo.

Jumatano baada ya alasiri niliweka shabaha ukutani, hatua kumi na tano, nikavuta mkono wa chuma, nikatia risasi, nikafyatua. Mlio ulikuwa wa baruti. Moshi wa buluu ukatoka mdomoni, na uwanja wote ukanuka kama bohari la karafuu. Kitambaa kilitoka cheupe, lakini karafuu ya Bi Thuwaiba ilikuwa imejificha pahala. Risasi ya pili moshi, ya tatu kidogo, ya nne hakuna. Nikapiga tano za mwisho kwa utulivu. Zote zilikaa kwenye duara jeusi, zimekaribiana, ungezifunika kwa kitufe cha shati. Na bega langu halikuhisi kitu. Adabu ile ile.

Nilipogeuka Baba alikuwa kwenye mlango, mkono ukutani. Harufu ndiyo iliyomleta. Akaja polepole, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza, akanyoosha mikono, nikaiweka juu yake. Akaipapasa kitako, akaenda mpaka chini, akapata kovu dogo alilolitia mwenyewe siku alipoiangusha gatini. Akalisugua kwa kidole gumba. Halafu akaniuliza, kama kila Ijumaa, "Fundi kamaliza?"

Nikasema, "Baba, hakukuwa na fundi."

"Nnajua," akasema. "Nlikuwa nangoja umchoke." Na akanipiga kofi dogo la shavu, la mtoto wa miaka saba, na mimi nna mvi. Nikalia. Naandika hivyo hivyo, atakayecheka na acheke.

Nikabadilisha karatasi ya shabaha, nikamtilia risasi. Akaweka viwiko juu ya meza, akalaza shavu, jicho la kulia likatafuta lile tundu dogo la kulengea. Alikaa hivyo muda mrefu, anapumua kama alivyonifundisha zamani. Nikamwomba Mungu. Akafyatua.

Karatasi haikuguswa. Risasi ilibandua rangi ya ukuta upande wa kushoto, mbali, karibu na bomba la maji. Nikamtilia nyengine, ikaenda pale pale. Ya tatu sikujua ilikokwenda. Hilal alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza toka nimjue, akaufunga mwenyewe.

Baba aliiweka bunduki juu ya kanga ya Bi Thuwaiba. Akafumba macho yote mawili, akayasugua. Kisha akaifunika vizuri, pembe kwa pembe, akanisogezea.

"Inavuta kushoto," akasema. "Ipeleke kwa fundi."

Nikasema, "Ntaipeleka, Baba."

Basi hiyo ndiyo safari, na ndiyo maana nimeiandika badala ya kuisimulia kwenye kahawa. Kesho ni Ijumaa. Mkija, mkimsikia ananiuliza, kunyweni kahawa yenu. Na akikuulizeni nyinyi, iko kwa fundi. Anangojea kifaa.